Ameoa au Alioa

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na hata binti yake, siku akiwa na hasira, alimwita hivyo hivyo. Duka lake la kufulia lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbele wa kupokelea wateja na mlango wa nyuma wa kutokea uani, kwenye masinki ya saruji na kamba za kuanikia. Katikati ya chumba ilisimama meza ya pasi, ndefu kama kitanda, iliyovikwa blanketi kuukuu na shuka nyeupe juu yake. Hapo ndipo alipomlelea mwanawe, chini ya meza akiwa mchanga, pembeni ya meza akiwa mwanafunzi, na hapo hapo ndipo alipojifunza kutoamini watu.

Udobi ni kazi inayomwingiza mtu kwenye siri za wenzake bila kupiga hodi. Mfuko wa suruali humwambia dobi mambo ambayo mke hajaambiwa. Mama Pasi hakutia nguo majini kabla hajapekua kila mfuko, hajageuza kila kola na hajatazama kila kifungo kilishonwa na mkono wa nani. Alimjua mlevi kwa magoti ya suruali yake na mwongo kwa kola. Ukimwuliza kola inasemaje, alikujibu, "Mwongo hutoka jasho la shingo, la kwapa ni la kila mtu." Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, yeye aliona wanazungumza na dobi moja kwa moja.

Lakini tuhuma zake hazikutoka mifukoni peke yake. Mumewe alikuwa dereva wa lori la mbao. Asubuhi moja, binti akiwa bado hajaota meno, bwana yule alifungasha mashati aliyopigiwa pasi na mkewe mwenyewe, akasema atarudi Alhamisi. Hakurudi Alhamisi ile wala Alhamisi nyingine yoyote. Hakufa, maana kuna watu walidai kumwona. Hakutoa talaka. Hakutuma salamu. Tangu hapo Mama Pasi akawa mtu wa kusikiliza neno mara mbili, mara ya kwanza kulisikia, mara ya pili kulipekua.

Binti alikua, akasoma, akaajiriwa kwenye maabara ya idara ya maji. Alipima maji ya visima na mabomba, akirudi nyumbani kila jioni na vidole vinavyonukia dawa. Na huko kazini ndiko alikokutana na fundi mkuu wa pampu, mgeni aliyeletwa kutoka nchi ya mbali kuja kufunga mitambo mipya. Kiswahili chake kilikuwa "asante", "pole pole" na "hakuna maji". Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake pia, lakini ndicho alichozungumza na binti. Mtaa haukuchelewa kumpa jina: Bwana Pampu.

Siku alipoletwa nyumbani kwa mara ya kwanza, Mama Pasi alimkaribisha kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kiti kizuri karibu na dirisha. Karibu na dirisha kuna mwanga. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshamkagua. Kola safi. Kidole cha pete kitupu. Lakini kifungo cha pili cha shati kilikuwa kimeshonwa upya, uzi umepita msalaba, ukazungushwa shingoni mara kadhaa, ukafungwa kwa ndani usionekane.

"Mwanamume hashoni kifungo hivi," alijisemea moyoni. "Hata fundi cherehani wa kiume hana subira hiyo."

Wakazungumza, binti akitafsiri. Mgeni alisifu chai, akasifu nyumba, akaeleza habari za pampu mpaka mama akachoka nazo. Kisha akaweka kikombe chini, akajiweka sawa kitini kama mtu anayetaka kutua mzigo, akamtazama mama usoni na kusema maneno machache taratibu. Mama Pasi hakuyaelewa, ila masikio yake yalinasa matatu: *merid*, ambalo alilijua, *nain*, ambalo ni tisa, na *yiaz*, yaani miaka.

Binti alinyamaza kidogo. Kidogo tu, kama pasi inavyokwama kwenye mkunjo.

"Anasema aliwahi kuoa, mama. Zamani. Iliisha."

"Hayo yote kayasema kwa maneno yale machache?"

"Kiingereza ni kifupi, mama."

"Hm," alisema Mama Pasi, na akamwongezea mgeni chai.

Mtu asiyejua kusoma lugha huishika kwa sikio, na sikio la Mama Pasi lilikuwa limezoea kushika maagizo ya wateja bila kuandika: shati hili wanga, lile bila wanga, suruali ya bwana fulani mikunjo miwili. Sentensi ya mgeni aliishika nzima nzima kama ilivyotoka. Akaosha vyombo akiisema, akalala nayo, asubuhi akaamka nayo. *Ai hav bin merid fo nain yiaz.*

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa Mwalimu Mstaafu, mzee mjane aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote na ambaye hakuwahi kujifunza kupiga pasi. Alileta mashati yake mwenyewe kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Mama Pasi hakungoja hata ayaweke mezani.

"Mwalimu, nina maneno hapa. Niambie yana maana gani." Akayatoa.

Mwalimu akamwomba arudie. Akarudia. "*I have been married for nine years*," mwalimu akayanyoosha. "Nani kasema?"

"Mteja."

"Mteja wako ana mke. Ameoa, na huu ni mwaka wa tisa."

"Si kwamba aliwahi kuoa, ikaisha?"

"Angetaka hivyo angesema *I was married*. Nilikuwa. Sikiliza, Mama Pasi." Macho ya mzee yaliwaka kama taa iliyopata mafuta, maana miaka mingi hakuna mtu aliyemwuliza swali. "Sisi Waswahili tuna uungwana. Mtu anaweza kusema 'nimemwona jana' na hakuna atakayemkamata. Kwa Kiingereza hilo ni kosa. Ukishataja wakati uliopita na kufungwa, jana, juzi, mwaka jana, miaka mitano iliyopita, basi na tendo lifungwe humo humo: *I saw him yesterday*. Niliona, nikamaliza. Lakini hiyo *have* yako, hiyo ni mlango ulioachwa wazi. Jambo lilianza huko na bado linakuja mpaka hapa tuliposimama."

Mama Pasi aliegemea meza. "Kwa hiyo Kiingereza hakimwachi mtu aseme tu. Lazima aseme kama jambo limekwisha au bado."

"Lazima."

"Basi mwalimu, nilikuwa napoteza wakati. Hiyo ndiyo lugha yangu."

Mzee akacheka, kisha akainua kidole. "Ila usimfunge mtu kwa hilo. Kama si lugha ya mama yake, huenda kateleza. Wanafunzi wangu wote waliteleza hapo hapo, na wengine leo ni mawakili."

Neno hilo ndilo lililomnyima raha. Kama angeambiwa mgeni ana mke, angejua la kufanya. Kama angeambiwa hana, angenyamaza. Lakini kuambiwa kwamba huenda ana mke na huenda ni mwanafunzi mbaya tu, hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Akamwomba mwalimu amfundishe. Mwalimu akakubali papo hapo, akavuta kiti karibu na meza ya pasi, na tangu siku hiyo mashati yake yakawa ya kwanza kupigwa.

Walisoma pasi ikiendelea kutembea. *Yesterday*, mwalimu anasema. "*I washed*," Mama Pasi anajibu, mvuke ukipanda. *Last week.* "*I washed.*" *Since Monday.* "*I have washed*," na pasi inatua kwa kishindo. Alimwambia mteja mmoja wa kigeni, kwa kujiamini kabisa, "*Your trouser has finished yesterday*," na mteja akashtuka akidhani suruali imeungua. Mwalimu aliyekuwa kitini kwake alijifunika uso kwa gazeti. Mama Pasi alijirekebisha mwenyewe usiku kucha, akaja asubuhi na sentensi iliyonyooka kama mkunjo wa suruali.

Wakati huo huo uchunguzi wake uliendelea. Binti alianza kuleta mashati ya Bwana Pampu yafuliwe, na mama akayapokea kwa furaha iliyomtia binti wasiwasi. Akapekua. Mfuko wa kwanza hamna kitu. Wa pili hamna kitu. Shati la wiki iliyofuata, hamna kitu tena. Hata vumbi hamna.

"Sasa hilo si jambo jema?" aliuliza mdogo wake, aliyekuja kumtembelea na kukuta mashati yamegeuzwa ndani nje kama yamekamatwa na askari.

"Jema lipi? Mdogo wangu, mimi nimepekua mifuko ya mashekhe, ya mapadri na ya wahasibu. Kila mtu ana kitu mfukoni. Mfuko mtupu kabisa ni mfuko uliopekuliwa na mtu mwingine kabla yangu."

"Dada, huyo mtu angeleta mfuko umejaa ungemshtaki, kaleta mtupu unamshtaki. Afanyeje? Aje bila shati?"

"Aje na ukweli."

"Na kifungo kikishonwa vizuri ni kosa. Basi wewe tafuta mkwe anayejifungia kwa pini."

Mdogo mtu alicheka mpaka akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu. Mama Pasi hakucheka. Alijua anavyoonekana. Lakini pia alijua kwamba siku mumewe anafungasha yale mashati, kulikuwa na sauti ndogo iliyomwambia aulize, naye akaona aibu kuuliza.

Jioni moja alikuwa uani akianua nguo kabla ya mvua. Binti alikuwa chumbani, dirisha wazi, akizungumza kwenye simu. Kwa sauti alijua anazungumza na mgeni wake. Zamani Kiingereza cha binti kilimpita mama kama maji ya mto, lakini sasa yalikuwamo mawe aliyoweza kukanyaga. Akasimama kati ya mashuka mawili, kibanio mdomoni.

"*She has not signed yet?*" binti aliuliza. Akasikiliza. Kisha akasema tena, kwa kuchoka, "*Not yet. Okay. Not yet.*"

*She* ni mwanamke. *Signed* ni sahihi. Neno hilo analo kila dobi anayepokea mizigo ya hoteli. Na *yet* alikuwa amefundishwa wiki ile ile, mwalimu akisema ni bado: bado hajafanya, na bado anangojwa. Kwa hiyo kulikuwa na mwanamke mahali fulani, kulikuwa na kitu anachotakiwa kutia sahihi, na hajatia. Hilo halikumshangaza sana, alikuwa akilitegemea. Kilichomchoma ni kwamba maneno yenyewe yametoka kinywani mwa mwanawe. Muda wote alikuwa akimpekua mgeni. Hakuna siku hata moja aliyofikiri kupekua upande wa huku.

Alikumbuka ule mnyamazo mfupi siku ya chai. "Kiingereza ni kifupi, mama."

Mvua ilinyesha mashuka yakiwa bado kambani, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu duka lifunguliwe.

Kwa siku kadhaa hakusema kitu. Alipika, akacheka panapochekesha, na kila neno la binti akaligeuza ndani nje. Binti aliposema "nimechelewa kazini", mama alijiuliza kazini kwa nani. Aliposema "sina njaa", mama alitafuta sababu. Kumshuku mtu baki kulikuwa na ladha yake, kama kula pilipili. Lakini kumshuku mtoto uliyemlea chini ya meza yako kulikuwa ugonjwa. Mwalimu alimwona anapiga pasi shati lile lile mara mbili, akamwuliza kulikoni.

"Mwalimu, mtu akitafsiri uongo, mwongo ni nani?"

Mzee alifikiri. "Inategemea aliyesema kasema nini."

"Kasema kweli."

"Basi unajua jibu," mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza hakuendelea na somo.

Jumapili akaagiza mgeni aje kula mchana. Akapika vizuri, akatandika kitambaa alichokipiga pasi kikang'aa. Walipomaliza kula, binti alipoanza kuondoa sahani, mama alimwambia, "Kaa, mwanangu. Leo hutatafsiri. Nitazungumza na mgeni mwenyewe."

Binti akakaa kama mtu aliyekalishwa.

Mama Pasi akaufuta mdomo. Maneno alikuwa ameyapanga. "*When did you marry?*"

Mgeni alishangaa kusikia Kiingereza, kisha akatabasamu, kisha tabasamu likapungua. "*I married nine years ago*," alijibu.

*I married. Nine years ago.* Bila *have*. Sawasawa kabisa, kama mwalimu alivyofundisha: wakati umetajwa, tendo likafungwa. Mtu huyu hakuwa mwanafunzi mbaya. Anaijua kanuni. Kwa hiyo siku ya chai hakuteleza.

"*And now?*" aliuliza mama. "*You were married? Or you have been married?*"

Mgeni alimtazama binti, si kwa kumtaka msaada, bali kwa kumwuliza. Mama akauona mtazamo ule na akauelewa kuliko maneno yote. Mtu huyu alikuwa anauliza, *hukumwambia?*

"Mama, inatosha," binti alisema.

"Sijakuuliza wewe."

"Unaniuliza mimi. Umeniuliza mimi tangu mwanzo." Machozi yalikuwa yamemjaa lakini sauti ilikuwa kavu. "Ana mke. Kwao. Walitengana miaka mitatu iliyopita, kesi iko kwa wakili, mwanamke hajasaini. Aliniambia siku ya kwanza kabla hata hatujanywa soda pamoja. Na siku ile hapa alikuja kukwambia wewe, kwa sababu alisema hawezi kula kwa mtu akiwa na jambo moyoni. Akakwambia. Mimi ndiye niliyekutafsiria nilivyotaka."

"Kwa nini?"

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ndiyo maana nikaitwa mama!"

"Na ungekataa bila kumsikiliza. Mama, wewe hujamwamini mwanamume yeyote tangu mimi nizaliwe. Hata mtu wa kusoma mita ya umeme unamwomba kitambulisho, na ni jirani yetu."

Hilo la mita lilikuwa kweli, na kama si hali ilivyokuwa, wangecheka.

Mgeni hakuelewa Kiswahili chao, lakini alielewa kwamba wanaumizana kwa sababu yake. Akaongea pole pole, akichagua maneno mepesi ili mama ayapate. Akasema samahani. Akasema anaweza kungoja. Kisha, nadhani kwa kutaka kuuhamisha mzigo ule kutoka kwa binti, au kwa kutojua tu, akauliza kwa adabu, "*And you, Mama? Your husband?*"

Mama Pasi alifungua kinywa. Alikuwa na maneno yote. Mwalimu alikuwa amemfundisha yote mawili. "*He has gone*," alisema: ameondoka, na yuko huko aliko, na mlango uko wazi. Akasikia alichosema. Akatazama mikono yake iliyochubuliwa na sabuni.

"*No*," akasema. "*He went.*"

Binti alinyanyuka, akaja akasimama nyuma ya kiti cha mama yake. Hakumgusa. Alisimama tu pale.

Baada ya hapo ulikuja wakati mgumu ambao hauna mengi ya kusimulia. Mgeni alipewa mkono wa kwaheri, akaambiwa arudi akimaliza mambo yake. Mama na binti waliishi nyumba moja kama wapangaji, wakisalimiana na kupishana mlangoni. Mdogo mtu alijaribu kuwapatanisha, akafukuzwa na wote wawili kwa pamoja, jambo alilolihesabu kuwa maendeleo. Mashati ya Bwana Pampu hayakuletwa tena. Mama alimwona mara moja akipita barabarani na shati lenye mikunjo, na roho ya udobi ikamwuma licha ya yote.

Tuhuma nayo ikabadilika sura. Hapo mwanzo alishuku kwamba kuna mke. Sasa alijua yupo, lakini habari zake zilikuwa zimetoka kwa mwanamume anayetaka kumwacha na kwa msichana anayetaka kumrithi. Nani amemsikia mwenyewe? Labda hajui kama anaachwa. Labda anakaa huko na mashati kabatini, anangoja Alhamisi.

Wazo hilo lilimkaa mpaka asubuhi moja akamwambia binti, yakiwa ndiyo maneno yake marefu kwa majuma mengi: "Nataka kuzungumza na huyo mwanamke."

"Mama!"

"Kwa simu. Nikimsikia mwenyewe, sitauliza tena."

Binti alimpelekea mgeni habari akitarajia kwamba hapo ndipo mambo yatavunjika. Mgeni akasema ataomba. Na siku chache baadaye, mchana, duka likiwa halina mteja, simu ya binti iliita, binti akaishika kama kitu cha moto na kumpa mama. Mwalimu Mstaafu alikuwa kitini kwake. Alisimama kutaka kutoka, Mama Pasi akamwashiria abaki, isije neno likampita.

Sauti ilikuwa ya mwanamke wa makamo, Kiingereza chake kikivunjika mahali tofauti na kinapovunjikia cha Mama Pasi, kama kuta mbili zenye nyufa. Walisalimiana. Walitajiana hali ya hewa. Kisha Mama Pasi akasema yeye ni mama wa msichana, na kwamba anataka kujua jambo moja.

"*You want him?*" aliuliza.

Upande wa pili kikatoka kicheko, si cha dharau.

"*I wanted him*," mwanamke alisema. "*Long time, I wanted him.*"

Mama Pasi alimtazama mwalimu. Mwalimu alifumba macho na kuitikia kwa kichwa mara moja: limefungwa.

"*Then why you don't sign?*"

Na hapo mwanamke yule akasema maneno mengi, na mwalimu ilibidi ayaokote baadaye na kuyapanga. Alisema kwamba mambo yote yalimjia kupitia kwa wakili. Wakili kaandika, wakili kasema, wakili kapiga simu. Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyemwuliza yeye neno kama mtu anavyomwuliza mtu. Naye akashuku. Alishuku kwamba kuna jambo limefichwa katikati ya maneno ya kisheria, kwamba akitia sahihi atakuta amekubali kitu asichokijua. Kwa hiyo aliweka kalamu chini. Si kwa upendo wala kwa chuki.

"*I am the same*," alisema Mama Pasi. "*I am the same like you.*" Kisha, kwa sababu lilikuwa likimsumbua tangu siku ya kwanza, akauliza: "*The button. The shirt. You sewed?*"

"*His mother*," mwanamke alijibu. "*She sews everything. Be careful of his mother.*"

Wakacheka wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake, mpaka binti aliyekuwa amesimama mlangoni akageuza uso.

Mwanamke yule alitaka asomewe karatasi zile na mtu asiye wakili. Bwana Pampu alisafiri kwenda kwao, akakaa naye mezani, wakapitia jambo baada ya jambo, na alipomaliza kuuliza kila alichotaka kuuliza akatia sahihi. Ilichukua msimu mzima na sehemu ya mwingine. Harusi ilikuwa ndogo. Mama mzaa bwana naye alikuja safari hiyo ndefu, mwanamke mfupi mwenye macho makali, na jambo la kwanza alilofanya alipofika lilikuwa kukagua pindo za pazia za Mama Pasi. Mama Pasi akamkuta, wakatazamana, kila mmoja akajua amekutana na wa kabila lake.

Usidhani Mama Pasi alibadilika akawa mtu wa kuamini. Mkwewe anampenda, na anampekua. Lakini pengo kati yake na binti lilichukua muda zaidi kuziba kuliko harusi, na pengine halikuziba lote. Binti hakuwahi tena kumtafsiria mama yake. Wageni wa kazini wakija nyumbani, humwachia mama azungumze mwenyewe, akosee mwenyewe, naye huenda jikoni. Mama hamwiti arudi. Mwalimu Mstaafu anasema mwanafunzi wake sasa anaanza wakati ujao, na kwamba huko ndiko anakomkuta mgumu, maana hataki kutamka jambo ambalo halijatokea.

Na mara moja moja, mchana duka likiwa tupu, simu huita kutoka mbali. Wateja wakiingia katikati humkuta Mama Pasi ameketi juu ya kikapu, amewapa mgongo, anasimuliana na mwanamke ambaye hajawahi kumwona, juu ya baridi ya huko, miguu inayouma, na mambo waliyoyafanya jana.